Waliobatizwa Joshoni

Niliondoka Misunkumilo, pale Mpanda mjini, asubuhi moja bila kujua naenda wapi. Kazi ilikuwa imeisha jana yake. Kwa miezi kadhaa nilikuwa saidia fundi kwenye kanisa la Kibaptisti la mtaani pale, nikichanganya zege na kubeba ndoo, na kazi ya mwisho ilikuwa kisima cha ubatizo nyuma ya mimbari, chenye ngazi pande mbili na vigae vya bluu. Fundi alipobandika kigae cha mwisho mchungaji alitushukuru, akatuombea safari njema hata kabla hatujasema tunasafiri. Stoo ya saruji nilimokuwa nalala ilikuwa inarudi kuwa chumba cha kwaya. Nikafunga begi, nikafagia, nikatoka.

Mgongo ulikuwa unauma na sikuwa na hamu ya kutafuta kazi nyingine pale mjini. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nimezoea kwamba mahali pakiisha, pameisha. Nikateremka hadi Shanwe, ambako malori huwa yanasimama kabla ya kwenda Mpimbwe kufuata mpunga. Fuso moja ilikuwa inapakia magunia matupu. Nikamuuliza dereva kama kuna nafasi.

"Unaenda wapi?"

"Mnakoenda nyie."

"Oya, huyu naye!" alimwambia utingo wake. "Panda mbele, kaka. Ila unakaa na bibi, na bibi haachi kuongea."

Bibi nilimfahamu. Alikuwa tayari ndani, amekumbatia mfuko wa nguo, kitambaa cheupe kichwani. Kule kanisani alikuwa akikaa benchi la ukutani, karibu na dirisha ambalo mimi nilikuwa napitishia ndoo za mchanga. Jumapili ya Meza ya Bwana nilikuwa nje ya dirisha hilo, nimepumzika kivulini, nikaona jambo ambalo lilinikaa. Sahani ya mkate ilikuwa inapita mkono kwa mkono. Ilipofika kwake, shemasi aliichukua kwa jirani yake wa kushoto akaipitisha juu ya kichwa chake mpaka kwa jirani wa kulia, kama mtu anavyoruka dimbwi. Bibi hakuinua mkono. Alibaki ameangalia mbele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe si wa zege wewe?"

"Ndiye mimi."

"Kisima chenu kizuri," alisema. "Sitaki kukiingia."

Hivyo ndivyo nilivyoijua shida yake, kabla hatujatoka hata mjini. Alikuwa amehamia Misunkumilo kwa binti yake baada ya mumewe kufa. Kabla ya hapo alikuwa mshirika wa kanisa dogo la Kibaptisti huko Mamba, moja ya yale yaliyoanzishwa na wafugaji waliotoka kaskazini. Kule ndiko alikobatizwa, siku moja na mumewe na mtoto wao wa kwanza, ambaye naye ni marehemu. Lakini alipoulizwa na kanisa la mjini alibatizwa mto gani, alijibu kweli: hakubatizwa mtoni, alibatizwa kwenye josho la ng'ombe.

Dereva alicheka hadi akapunguza mwendo. "Bibi! Ulikuwa na kupe?"

"Nilikuwa na dhambi. Endesha gari."

Mchungaji hakucheka alipoambiwa. Alisikia kwa watu kwamba huko joshoni waumini waliruka wenyewe kama ng'ombe, hapakuwa na mkono wa mtu juu yao wala maneno ya ubatizo. Kama ndivyo, alisema, huo haukuwa ubatizo, ilikuwa kuoga. Akamtaka alete mtu mmoja aliyekuwepo. Asipompata, Jumapili hii aingie kwenye kisima kipya pamoja na vijana, la sivyo abaki mgeni kanisani, bila Meza.

"Si uingie tu, bibi?" dereva alisema. "Maji ni maji. Dakika moja umetoka, umekauka."

Bibi alimgeukia. "Nikiingia, nimesema ile ya kwanza ilikuwa bure. Ya kwangu ikiwa bure, ya mume wangu je? Yeye nimtoe kaburini nimlete kwenye vigae? Na mwanangu?"

Tulikuwa tumepita Sitalike, tunaingia hifadhini, na dereva akatuambia tufunge vioo kwa sababu ya mbung'o. Joto likajaa ndani. Mbung'o waliokuwa wameshaingia walituuma kupitia nguo, na bibi aliwaua mmoja mmoja kwenye kioo kwa kidole gumba, huku akisimulia. Mimi niliuliza na yeye alijibu. Sijui kwa nini mambo ya namna hii hunishika. Pengine ni kwa kuwa sijawahi kukaa mahali hadi nikaona mwanzo na mwisho wake.

Wafugaji wale walikuja familia chache, wakiswaga ng'ombe, wakisimama mvua zikinyesha na kuendelea zikikatika. Mmoja wao alikuwa shemasi huko Usukumani. Walipofika Mamba waliabudu ndani ya zizi, kwa sababu ndilo peke yake lililokuwa na boma la miiba na fisi walikuwa wengi. Ng'ombe walitolewa kwanza, watu wakaingia, wakasimama juu ya samadi. Baadaye wakajenga nyumba ya miti na udongo, mchwa wakaila. Wakajenga ya tofali mbichi, mvua ikaishusha ukuta mmoja katikati ya ibada, na mhubiri akamaliza mahubiri akiwa anaonekana na barabara nzima. Ya tatu ilikuwa ya tofali za kuchoma.

Wenyeji, Wapimbwe, walianza kuja kwa sababu ya misiba. Wasukuma wale walikuwa wanajua kuchimba kaburi upesi na kwaya yao ilikuwa haichoki. Lakini mahubiri yalikuwa Kisukuma kitupu. Wapimbwe wakakaa msimu mzima wakisema amina mahali wasipopajua. Siku moja mama mmoja wa Kipimbwe akaombwa aombe. Akasimama, akaomba kwa lugha yake, kirefu, makusudi, mpaka watoto wakalala. Wasukuma wote wakaitikia amina. Jumapili iliyofuata kanisa likahamia Kiswahili.

"Alituchapa bila fimbo," bibi alisema.

Shida kubwa ilikuwa maji. Mbaptisti hanyunyiziwi, anazamishwa, mwili wote. Masika mto ulikuwa na nguvu na mamba. Kiangazi ulibaki matope na viboko. Mwaka mmoja wabatizwa walikuwa wamejipanga ukingoni wanaimba, mamba akamchukua mbwa aliyekuwa amesimama pembeni yao. Wakakimbia wote. Mchungaji wao wa wakati huo, aliyekuwa awabatize, alikuwa amekwisha kuingia majini hadi kiunoni, na bibi anasema hajawahi kuona mzee anatoka majini kwa kasi namna ile.

"Mngeenda Majimoto," dereva alisema. "Si karibu?"

"Tungeiva."

Ndipo mtu mmoja akasema: josho je? Josho la kuogeshea mifugo lilikuwa limekaa bila dawa kwa muda, lina kina, lina mahali pa kuingilia na ngazi ya kutokea. Walilikomba tope, wakalisugua kwa majivu na fagio za miti, wakajaza maji safi yaliyoletwa na mikokoteni ya ng'ombe kwa mapipa, mizigo wasiyokumbuka hata idadi yake. Mwogeshaji wa ng'ombe hapo joshoni, Mpimbwe mmoja kijana wakati huo, ambaye hakuwa mtu wa kanisa, alikubali kwa sharti moja: na yeye awepo, kwa kuwa josho ni lake.

Wakabatizwa. Jioni yake wakaanza kuwashwa. Dawa ya kupe ilikuwa imeingia kwenye kuta za saruji kwa miaka, na majivu hayakuitoa. Walijikuna wiki nzima, ngozi za mikono zikabanduka. Hakuna aliyefikiria dawa. Shemasi alisimama akasema hizo ni dhambi zinatoka, na wote wakaona ni sawa. Mwanamume mmoja tu ndiye ambaye hakuwashwa. Alikaa kwa hofu siku hizo zote, mwishowe akaenda kwa shemasi usiku analia, akaomba arudishwe majini.

Dereva alicheka tena, na safari hii bibi naye alicheka kidogo, halafu akafuta macho.

"Na sasa wako wapi wote?" niliuliza.

"Malisho yaliisha, mjukuu wangu. Huku mashamba ya mpunga, kule mpaka wa hifadhi. Ng'ombe hana pa kukanyaga. Wakaondoka familia moja moja, kusini huko, wengine Lindi, wengine sijui. Kila familia ikiondoka ilikuwa inasimama mlangoni pa kanisa na kuimbiwa wimbo mmoja. Ikafika mahali wanaoimba ni wachache kuliko wanaoimbiwa. Sauti ya nne, ile ya besi, ikaondoka yote. Mume wangu akabaki anaimba sauti ya nne peke yake, na alikuwa hajui kuimba."

Tulifika Mamba jua likiwa limeshapita utosi. Dereva alitushusha kwenye mti wa mizani ya kununulia mpunga, akaenda zake kupakia. Nikachukua mfuko wa bibi kwa sababu alikuwa anatembea kwa kuinamia upande mmoja, na kwa sababu nilitaka kuliona hilo josho.

Lilikuwa limejaa udongo karibu hadi juu. Mbuzi walikuwa wanakula majani yaliyoota ndani. Kuta mbili za uchochoro wa kuingizia ng'ombe zilikuwa bado zimesimama, zimelainishwa upande wa ndani na mbavu za wanyama waliopita. Bibi hakusimama pale. Alikwenda moja kwa moja kwenye jengo la tofali la jirani, lenye bati lililoshika kutu, na mbele yake palikuwa na mzee amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anasuka kamba ya katani. Ndani, kupitia mlango uliokuwa wazi, yalionekana magunia ya mpunga hadi kwenye kenchi za paa.

Yule mzee ndiye mwogeshaji. Sasa alikuwa mlinzi wa mpunga wa mfanyabiashara mmoja wa Karema, aliyelichukua jengo la kanisa baada ya washirika wa mwisho kuondoka.

Walisalimiana kirefu. Bibi alijitambulisha. Mzee akatikisa kichwa.

"Sikukumbuki, mama. Nisikudanganye."

"Mimi ni wa kanisa. Mlitubatiza hapo."

"Kubatiza nakumbuka. Watu siwakumbuki. Ng'ombe nakumbuka. Ng'ombe wa nchi hii nzima nimewaona masikio yao. Lakini watu..." Akaangalia kamba yake. "Watu mlikuwa mnafanana, wote mmelowa."

Nilimwona bibi anashuka mabega. Alitafuta pa kukaa, nikamgeuzia ndoo. Alikaa, na mzee akaendelea kusuka, kwa aibu. Mimi nilikuwa nimechoka kwa niaba yao wote. Ilikuwa ni safari ndefu ya kuja kusikia hivyo.

Kisha bibi akasema, bila kumtazama, "Tulikuwa na dume jeusi. Pembe moja imelala."

Mkono wa mzee ulisimama. "Lililogoma kuingia?"

"Hilo."

"Lililonivunja kidole hiki?" Akakiinua, kimepinda. "Ee! Wewe ndiye mke wa mwenye lile dume! Mumeo mrefu kama mlingoti!"

"Ndiye."

"Basi nakumbuka! Alipolazwa majini miguu ikabaki nje. Nikasema huyu hajazama. Nikamsukuma na ule mti wangu wa panda." Akanigeukia mimi ili nielewe. "Ng'ombe, kijana, anainua kichwa. Ukimwacha, kupe wa masikioni wanabaki. Kwa hiyo unasimama juu na mti wenye panda, unamkandamiza shingo, kichwa kizame. Na wao niliwafanya hivyohivyo. Aliyeinua kichwa, nilimkandamiza. Yule mchungaji wao akanigombeza. Nikamwambia, baba, kwenye josho hili hatoki mtu na masikio makavu."

Bibi alikuwa anacheka kwa mkono mdomoni. "Na mimi kitambaa kilielea."

"Nilikitoa kwa mti huohuo."

Ukawa ndio ushahidi. Bibi akataka mchungaji apigiwe simu pale pale. Simu yake haikushika mtandao mpaka tulipopanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya jengo, ambacho kilikuwa kimechongwa ngazi na wapiga simu. Mimi nilishika simu, nikaweka sauti ya nje, wao wawili wakasimama chini yangu.

"Bwana asifiwe, mchungaji," bibi alisema. "Nimempata."

"Amina, mama. Nimpate na mimi."

Mzee alipaza sauti kana kwamba anaita Mpanda kwa mdomo. "Habari za huko! Huyu mama alizama! Kichwa na masikio!"

"Asante, mzee wangu. Wewe ni mshirika wa kanisa gani?"

"Mimi? Mimi ni mtu wa josho."

Mchungaji nilimfahamu, hakuwa mtu mbaya; ni yeye aliyekuwa ananipa chai asubuhi za baridi. "Na aliyembatiza alimshika? Alisema maneno gani?"

Mzee aliwaza. Nilitamani aongope. Bibi naye, nadhani, alitamani, maana alimwangalia usoni bila kupepesa.

"Kumshika alimshika," mzee alisema. "Maneno yalikuwepo, midomo ilikuwa inacheza. Lakini mimi sikuyasikia. Kwaya ilikuwa inaimba, halafu mimi nilikuwa naangalia vichwa."

"Nimeelewa." Upepo uliingia kwenye simu, ukatoka. "Mama, mimi peke yangu siamui. Unajua sisi ni Wabaptisti, kanisa ndilo linaloamua. Jumapili nitaeleza kama nilivyosikia, washirika wanyooshe mikono. Nadhani wengi watakubali. Lakini uwepo, wakuulize na wewe."

Bibi aliegemea kichuguu. Vumbi jekundu likamshika begani. Nilidhani anapumzika ili ajibu ndiyo, kwa sababu ilikuwa habari nzuri kuliko aliyokuja nayo.

"Mchungaji," alisema, "mimi nilishanyooshewa mikono. Jumapili moja kabla ya josho, ndani ya jengo hili, kanisa zima. Mikono ile imekufa, mingine iko Lindi na ng'ombe. Sasa ninyooshewe tena na vijana wa kwaya, wakatae au wakubali? Nimechoka."

"Mama, ni utaratibu tu."

"Najua. Ni utaratibu mzuri, na sisi tulikuwa nao. Waambie wasihangaike. Waambie nimerudi kanisani kwangu."

"Mama yangu, kanisa hilo halipo tena."

"Lipo," bibi alisema. "Limejaa mpunga."

Mtandao ukakatika, au mchungaji alikata, sikuweza kujua. Nilimuuliza bibi kama nijaribu tena, akasema hapana, nishuke nisije nikavunjika mguu.

Alikaa tena juu ya ndoo. Mzee alianza kumwomba radhi kwa ajili ya yale maneno ambayo hakuyasikia, na bibi alimkatiza: "Ulisema ulichoona. Kuna wengine walikuwa wameokoka na hawakuja hata kuangalia." Kisha wakaongea kuhusu nani bado yupo Mamba. Hawakufika mbali. Kulikuwa na mama mmoja mlemavu wa macho upande wa bondeni, na mwanamume mmoja aliyeacha kanisa kwa ajili ya pombe, lakini hakuacha kuimba. Bibi aliuliza kama mwanamume huyo alikuwa sauti ya nne. Mzee hakujua sauti ni nini. "Nzito," alisema. "Kama ya dume."

Mke wa mzee akaja kutoka shambani na jembe begani, akaelezwa kwa Kipimbwe, akamshika bibi mkono na kumwongoza kwenye nyumba yao bila maswali. Bibi angelala kwao. Hakusema mpaka lini. Binti yake atapigiwa simu kesho, alisema, leo hana nguvu za kugombezwa.

Mimi nilikuwa bado nimesimama na begi langu. Fuso ilikuwa inajaa kule kwenye mizani, na dereva alikuwa amenipungia mkono mara mbili. Bibi alisimama mlangoni pa nyumba hiyo, akageuka.

"Na wewe wa zege, unarudi?"

"Sijui, bibi."

"Hujui au huna pa kwenda?"

"Vyote."

Akamwambia mzee jambo kwa sauti ndogo. Mzee alikuna kidevu, akaangalia barabarani kama vile mwenye mpunga wake angetokea muda huohuo, kisha akaniita ndani ya ghala. Kulikuwa na harufu ya pumba na panya. Magunia yalipangwa pande zote isipokuwa ujia wa katikati, na mwisho wa ujia, palipokuwa na mimbari zamani, sakafu ilikuwa imeinuka kidogo, nayo imezibwa na mpunga hadi dirishani.

"Utalala hapo kwenye ujia," mzee alisema. "Turubai nitakupa. Chakula kwa mama watoto. Lakini kuna kazi."

"Kazi gani?"

Bibi ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni; alikuwa ametufuata. Aliingia kwa kushika ukuta, polepole, akatembea hadi mbele, akaweka kiganja juu ya gunia moja kama anayepima homa.

"Haya yahamie upande wa nyuma kabla ya Jumapili," alisema. "Yote ya hapa mbele. Meza ilikuwa inakaa hapa. Sijui kama atakuja mtu, lakini mimi nitakuja, na nitataka pa kukaa."

"Mwenye mpunga akija?" mzee aliuliza.

"Mwambie umepanga upya."

Nje, fuso ilipiga honi. Nikaenda hadi mlangoni, nikampungia dereva aende. Kisha nikarudi, nikatua begi langu kwenye ujia, na mzee akaenda kuleta turubai.